Usiku wa Valentine Uliogeuka Barafu

Umeme umekatika, nje ni baridi ya kugandisha maji, ndani mko watatu na mmenuniana. Utafanyaje? Haya ndiyo yaliyomkuta dada yangu kule Texas, na haya ndiyo niliyojifunza mimi niliyekuwa Dar es Salaam nikijifanya najua kila kitu.

Naanza na kukiri. Mwezi Februari 2021 nilimpa dada yangu ushauri ambao ungeweza kumuua yeye, mumewe na mtoto wao wa miaka mitano. Nilimpa kwa upendo kabisa, kwa simu, huku nakunywa chai ya maziwa na feni inanizungukia kichwani. Na nilikuwa na uhakika asilimia mia moja kwamba niko sahihi.

Msomaji wangu, wengi wetu tunapata picha ya baridi kutoka kwenye sinema. Theluji inadondoka taratibu, wapenzi wawili wamevaa makoti marefu, wanarushiana mabonge ya barafu, kisha wanaingia ndani kunywa kahawa mbele ya moto. Raha tupu! Lakini sinema hizo zinatokea sehemu ambazo watu wamezoea. Nyumba zao zina kuta nene, mabomba yamefukiwa chini sana, magari ya kumwaga chumvi barabarani yapo tayari, na kila mtu ana koti la maana kabatini. Sasa ichukue baridi hiyo hiyo uipeleke mahali ambapo watu hawajaizoea. Hapo ndipo utajua kwamba baridi si mapambo.

Jumapili ya tarehe 14

Dada yangu anaishi Houston na mumewe. Sisi kwetu ni Makete, milimani, na shemeji ni mtu wa Tanga, mtoto wa pwani haswa. Houston iliwafaa wote wawili kwa sababu ni jiji la joto na unyevunyevu, karibu na Ghuba ya Mexico. Dada alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, huku ni kama Dar, tofauti ni barabara tu."

Jumapili ile ilikuwa siku ya wapendanao. Alinitumia picha: meza imepangwa, mishumaa miwili, kuku wa kuoka, ua moja jekundu. Niliona picha nikacheka, nikamwandikia, "Naona mmepatana." Maana ukweli ni kwamba wiki tatu kabla ya hapo walikuwa hawaongei vizuri. Kisa kilikuwa pesa. Dada alimtumia mama fedha za kuezeka nyumba bila kumwambia mumewe, shemeji akajua kupitia simu ya benki, na tangu hapo akahamia kulala sebuleni. Kuku yule wa kuoka alikuwa ni ombi la msamaha.

Usiku huo, mnamo saa 8, umeme ukakatika.

Kumbe hata majuu kuna mgao!

Sisi Wabongo tunaujua mgao. Tuliokuwa wakubwa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka, tunakumbuka jinsi tulivyopanga maisha kwa ratiba ya umeme. Kwa hiyo dada aliponiandikia kwamba umeme umekatika, nilimjibu kwa utani: "Karibu nyumbani." Sikujua kwamba hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Dhoruba ile ilishuka kutoka kaskazini na kuifunika Texas nzima, na wilaya zote 254 za jimbo zikawekwa chini ya tahadhari. Tarehe 16 Februari Dallas ilifika karibu nyuzi joto 19 chini ya sifuri. Houston, jiji la kaptura na kandambili, lilifika nyuzi 10 chini ya sifuri. Watu wote wakawasha hita kwa wakati mmoja, na zaidi ya nusu ya nyumba za Texas hupata joto kwa umeme. Mahitaji yakapaa.

Wakati huo huo mitambo ya kuzalisha umeme ikaanza kuzima kwa baridi. Visima vya gesi vikaganda, mabomba ya gesi yakaganda, vipima mwendo vikaganda. Mitambo ya upepo, ya makaa ya mawe na hata mmoja wa nyuklia nayo ikapata matatizo, ingawa pigo kubwa lilikuwa kwenye gesi. Na hapa kuna kichekesho kinachouma: mashine nyingi za kusukuma gesi zinatumia umeme. Umeme ukikatwa, gesi haiendi. Gesi isipokwenda, umeme haupatikani. Nyoka anajimeza mkia.

Saa 7:25 usiku wa kuamkia Jumatatu, shirika linalosimamia gridi ya Texas, ERCOT, liliamuru umeme ukatwe kwa nguvu ili gridi isianguke yote. Baadaye mkuu wake alieleza kwamba zilibaki dakika 4 na sekunde 37 tu kabla ya jimbo zima kuzimika, na hali kama ile ingeweza kuchukua wiki au hata miezi kurekebisha. Mpango ulikuwa kila mtaa ukatiwe kwa zamu fupi. Lakini upungufu ulikuwa mkubwa mno, zamu zikashindikana. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zikakosa umeme, na wengine walikaa gizani hadi siku nne. Huku maghorofa ya ofisi katikati ya jiji, ambayo hayakuwa na mtu ndani, yakimeremeta taa usiku kucha kwa sababu yalikuwa kwenye laini moja na hospitali na huduma nyingine muhimu. Dada aliyaona kwa mbali kupitia dirishani. Aliniambia ndicho kitu kilichomtoa machozi ya kwanza.

Kwa nini Texas haikupata umeme wa kutosha kutoka kwa majirani? Kwa sababu kwa miaka mingi jimbo hilo limejitenga na gridi mbili kubwa za Marekani, likitaka kukwepa sheria za serikali kuu. Ukijitenga siku za raha, siku ya shida unabaki peke yako. Hili nalo liweke moyoni, tutalirudia kwenye mambo ya ndoa.

"Dada, ingiza mkaa ndani"

Jumatatu nzima walikaa na makoti. Jioni, kipimo cha ukutani kilionyesha nyuzi joto 6 ndani ya nyumba. Mtoto alikuwa ameacha kucheza. Ilipofika saa 3 usiku kwao, kwetu Dar ikiwa saa 12 asubuhi ya Jumanne, dada akanipigia. Simu ilikuwa na chaji asilimia 20.

Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka kulia. Aliniambia walikuwa na jiko la kuchomea nyama kule nje pamoja na mfuko mzima wa mkaa. Alitaka kuwasha, mkaa ukishika vizuri auingize sebuleni, kama alivyokuwa akifanya mama. Shemeji amesimama mlangoni amekataa. Hakueleza kwa nini. Alisema tu, "Huo moto hauingii humu ndani," kisha akaubeba mfuko wa mkaa akaufungia ndani ya buti ya gari.

"Ananifanya mimi mshamba," dada alisema. "Mimi nimekulia kwenye baridi. Yeye huko kwao Tanga alijifunika nini zaidi ya shuka?"

Na mimi, badala ya kuuliza swali hata moja, nikarukia upande wa damu yangu. Nilimwambia, "Dada, chukua ufunguo, ingiza mkaa ndani. Mtoto atakufa kwa baridi. Mwanaume gani huyo anayeona familia inaganda na bado anang'ang'ania ubabe?"

Simu ikakata. Sikupata habari yao tena kwa saa 26.

Kwa nini shemeji alikuwa sahihi

Nililala usiku mmoja tu bila usingizi, lakini nilizeeka kama mwaka. Asubuhi ya Jumanne, baada ya simu ile kukatika, nilifika ofisini nikawasimulia wenzangu kwa mbwembwe. Mmoja wao aliwahi kusomea uuguzi. Alinitazama, akauliza, "Umemwambia awashe mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa?"

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereti koo kama moshi. Ukiivuta inakwenda kushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Yaani damu inazunguka kama kawaida, lakini imebeba mzigo usiofaa. Unaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea. Unadhani ni mafua au uchovu. Unajilaza kidogo upumzike, na ndio basi.

Ndicho kilichotokea Texas siku zile. Watu waliwasha majiko ya kuchomea nyama sebuleni, wakaweka jenereta karibu na mlango, wakawasha magari ndani ya gereji zilizofungwa ili wapate joto. Katika eneo la Houston peke yake mamia walipelekwa hospitali, wengine wakiwa watoto. Hesabu rasmi ya jimbo baadaye ilionyesha watu 246 walikufa kutokana na dhoruba ile. Karibu theluthi mbili waliuawa na baridi yenyewe, na 19 waliuawa na gesi hii. Wapo wachambuzi wanaoamini idadi kamili ilikuwa kubwa zaidi.

Utasema, mbona mama zetu kule Makete, Njombe na Mbeya wameota mkaa ndani miaka yote? Swali zuri. Nyumba ya utotoni mwetu haikuwa na dari. Kati ya ukuta na bati palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na mlango wa mbao ulikuwa na mianya. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka bila hodi. Nyumba za kisasa zimezibwa kila mahali. Na tuwe wakweli, hata huku kwetu watu wanakufa. Kila msimu wa baridi, Juni na Julai, iwe Nyanda za Juu Kusini au Limuru na Nyandarua kwa majirani zetu Kenya, husikia habari za familia iliyolala na jiko ndani ikakutwa asubuhi haina uhai. Mtaani wanasema ni uchawi. Si uchawi. Ni mkaa.

Shemeji alilijua hilo. Anafanya kazi ya kusaidia wauguzi hospitalini na alikuwa amefundishwa. Kosa lake lilikuwa moja tu: alitoa amri badala ya sababu. Na kosa la dada lilikuwa kusikia dharau mahali ambapo palikuwa na hofu. Langu mimi halihitaji maelezo.

Hema la khanga

Saa 26 baadaye ujumbe uliingia: "Tupo hai. Mkaa haukuingia. Nitakupigia." Nilikaa chini sakafuni palepale.

Kilichotokea ni hiki. Baada ya simu kukata, dada alitafuta ufunguo wa gari kwa tochi. Shemeji akamfuata nyuma, akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu akaongea naye kwa upole. Alimwambia, "Mke wangu, sikatai kwa sababu ya ubishi. Naogopa. Mkaa ule ukiingia humu hatutaamka." Kisha akamweleza yote niliyokueleza hapo juu. Dada alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Basi tufanye ninavyojua mimi, bila moto."

Na hapo ndipo mtoto wa Makete alipoonyesha fani! Walihama vyumba vyote wakachagua kimoja, kile kidogo kuliko vyote, chenye dirisha moja. Wakaziba chini ya mlango kwa taulo. Dirishani wakatundika blanketi. Dada akatoa khanga zote za sandukuni, akafunga juu ya kitanda kama hema. Wakavaa nguo nyembamba nyembamba nyingi badala ya moja nene, soksi mbili mbili, kofia kichwani. Mtoto akawekwa katikati. Wakalala watatu, miili imegusana, chini ya hema la khanga.

"Unajua joto la watu watatu linavyojaza kibanda kidogo?" dada aliniuliza baadaye. "Shemeji yako alianza kulalamika kwamba namsukuma. Hapo nikajua tumepona."

Simu hazina chaji, televisheni haipo, hakuna pa kukimbilia. Ikabidi waongee. Waliongea kuhusu bati la mama. Kumbe shemeji hakuudhiwa na pesa. Aliudhiwa na kujua kupitia simu ya benki kwamba mke wake anamwona ni mtu ambaye angekataa. Mama yake mwenyewe alifariki kabla hajaweza kumjengea kitu. "Ningeongeza zangu," alimwambia gizani. Dada alilia, na safari hii hayakuwa machozi ya baridi.

Msidhani mambo yakawa hadithi ya sinema. Jumatano mchana barafu ilipoanza kuyeyuka, bomba lililopita juu ya dari ya jikoni likapasuka. Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na chuma au plastiki haivumilii hilo. Nyumba nyingi za kule zimepitishiwa mabomba darini na kwenye kuta za nje, maana mjenzi alifikiria joto, hakufikiria barafu. Dari ikaanguka na maji. Hakuna kati yao aliyejua koki kuu iko wapi! Aliyewaokoa ni jirani, bibi mmoja mwenye asili ya Mexico, ambaye walikuwa wakisalimiana naye kwa kupunga mkono tu kwa miaka minne. Ndiye aliyeifunga koki, ndiye aliyekuwa na jiko la gesi linalofanya kazi, na ndiye aliyewapa supu ya moto. Shemeji naye akawa anambebea bibi yule ndoo za maji kutoka bwawa la kuogelea, ya kumwagia chooni. Tanga na Mexico wakakutana kwenye ndoo.

Umeme ulirudi usiku wa kuamkia Alhamisi. Maji ya bomba Houston yaliendelea kuchemshwa kabla ya kunywa hadi Jumapili ya tarehe 21.

Somo ambalo halikusomwa

Kinachouma zaidi ni kwamba Texas ilishaonywa. Februari 2011 baridi kali ilizima mitambo na watu wakakatiwa umeme. Ripoti ikaandikwa, ikashauri mitambo ifungiwe vizuizi vya baridi. Lakini ushauri haukuwa lazima, na kwa sababu dhoruba kama hizo ni za nadra, wengi waliona ni gharama ya bure. Miaka kumi baadaye bili ikaja. Ni mwaka 2021 ndipo jimbo lilipopitisha sheria ya kulazimisha mitambo ijiandae na baridi. Baridi kali ya Desemba 2022 na ya Januari 2024 zilipita bila gridi hiyo kulazimika kukatia watu umeme kwa mgao.

Na si Texas peke yake. Januari 2014 Atlanta ilipata theluji isiyofika hata kina cha kidole, na maelfu ya watu wakalala barabarani ndani ya magari, watoto wakalala shuleni. Januari 2021 Madrid ilifunikwa na theluji ya nusu mita sehemu nyingine. Tarehe 21 Januari 2025 New Orleans, jiji la muziki na jua, ilipata theluji ya takribani sentimita 20 kwa siku moja. Ukiwa na ndugu, mchumba au rafiki anayesoma sehemu kama hizo, usidhani kwamba kwa kuwa ni kwenye joto basi hayamhusu.

Mtumie ndugu yako majuu orodha hii

1. Chagueni chumba kimoja kidogo. Zibeni mianya, funikeni madirisha, mkae wote humo. Kupasha joto nyumba nzima ni kupoteza nguvu.

2. Vaeni nguo kwa tabaka. Hewa iliyonaswa kati ya nguo ndiyo inayotunza joto. Iliyolowa ivueni mara moja, hata kama ni soksi tu.

3. Mkaa, jiko la kuchomea nyama na jenereta ni vya nje. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, mbali na milango na madirisha. Gari lisiwashwe ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Nunueni king'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri. Bei yake haifiki ile ya mtoko mmoja wa wikiendi.

4. Mkiumwa vichwa wote kwa pamoja, tokeni nje papo hapo, kisha ombeni msaada. Baridi ya nje inavumilika kwa muda. Gesi ile haivumiliki.

5. Jueni koki kuu ilipo leo hii, kabla ya shida. Baridi ikitabiriwa, acheni bomba lidondoshe maji kidogo kidogo na fungueni milango ya makabati ya sinki ili joto liingie. Jazeni ndoo mapema.

6. Pombe haipashi joto. Inapanua mishipa ya ngozi, unahisi moto, kumbe joto la ndani linakimbia. Kunyweni vitu vya moto na vitamu.

7. Mwangalie anayetetemeka, na zaidi yule aliyeacha kutetemeka. Mtu akianza kuongea kwa kuburuza maneno, kuchanganyikiwa au kusinzia hovyo, mwili wake unapoteza joto kupita kiasi. Mkaushe, mfunike kifua na tumbo, mkimbize hospitali.

8. Gonga kwa jirani, hasa mzee anayeishi peke yake. Usingoje miaka minne kama dada yangu.

Na ninyi wawili je?

Huenda wewe unasoma hapa Dar au Mombasa huku umejipepea na gazeti hili hili, unasema baridi inakuhusu nini. Inakuhusu. Kila ndoa ina usiku wake ambao umeme unakatika: kazi inapotea, mtoto anaugua, mzazi anafariki. Usiku huo utakukuta na mlivyokuwa mmejiandaa.

Kwanza, ukikataa jambo, toa sababu. "Hapana" iliyo tupu inageuka ukuta. "Hapana, kwa sababu naogopa tutakufa" ni mlango. Wanaume wengi tunaowapenda wamelelewa kuficha hofu ndani ya amri. Kaka zangu, hofu ukiitamka hupungukiwi kitu.

Pili, ukisikia dharau, uliza kwanza. "Una maana gani?" ni maneno matatu tu. Yangemwokolea dada wiki tatu za baridi ndani ya nyumba yenye joto.

Tatu, msijitenge kama ile gridi. Wanandoa wasio na rafiki, jirani wala mkubwa wa kumwendea wanaonekana wanajitosheleza, mpaka siku wakitaka msaada na hakuna waya unaowaunganisha na mtu.

Nne, na hii ni yetu mashemeji, mawifi na mashosti: ndugu yako akikupigia akilia, usimpe hukumu. Huoni chumba alichomo. Mimi nilikuwa umbali wa saa tisa, tumbo lina chai ya moto, nikaamua kesi ambayo ushahidi wake nilisikia upande mmoja. Laiti dada angenisikiliza.

Niliomba msamaha. Nilimpigia shemeji wiki ile ile nikamwambia kila neno nililosema juu yake, maana nilijua dada hatamwambia. Alikaa kimya, nikasikia mtoto akiimba nyuma yake. Kisha akasema, "Shem, hata mimi kama nisingefundishwa kazini ningewasha. Yaishe. Ila ukija huku, njoo na khanga zaidi, hizi zimeloa zote na dari."

Nilimtumia doti sita. Bati la mama nalo lilikamilika mwaka huo huo, na safari hii risiti ina majina mawili.

Nikutakie mapenzi yenye joto, msomaji wangu. Ila mkaa uache nje.